Mtoto yumo ndani, ufunguo umo ndani, gari limejifunga: ningefanya nini?

SWALI: Kaka fundi, habari za kazi. Mimi ni mwalimu, naishi Morogoro, natumia Toyota IST ya 2004. Jumapili iliyopita saa kumi alasiri nilirudi nyumbani na mwanangu wa miaka mitatu, amelala kiti cha nyuma. Nikashuka kufungua geti, injini inaunguruma, vioo vimepandishwa kwa ajili ya vumbi, na AC yangu haina gesi siku nyingi. Kugeuka nasikia "ta!", milango yote imejifunga. Majirani wakaja, huyu na waya wa henga, yule na rula ya chuma, mwingine anasema tuvunje kioo kidogo cha nyuma. Mume wangu yuko Dodoma na ufunguo wa akiba. Akaniambia niisogeze simu kwenye gari, yeye abonyeze rimoti. Haikusaidia. Akasisitiza tusivunje kioo. Baada ya dakika ishirini na tano kijana mmoja akafanikiwa kwa waya. Mtoto alitoka ameloa jasho, analia, lakini mzima. Sasa mlango wa dereva umekwaruzika na kioo chake kinashuka upande. Ningefanya nini siku ile? Na nifanye nini lisitokee tena?

JIBU: Dada yangu mwalimu, pole sana, na tumshukuru Mungu mtoto ametoka mzima. Swali lako la kwanza lina jibu fupi, nalitanguliza ili hata atakayeishia hapa aondoke nalo. Mtoto akiwa ndani, vioo viko juu, AC haifanyi kazi na ufunguo wa akiba hauko mkononi, vunja kioo. Usisubiri waya, usisubiri fundi, usinisubiri hata mimi.

Nasema hivyo mimi ninayekula kwa kufungua magari bila kuyaumiza. Huu ni mwaka wa kumi na tisa niko kwenye funguo hapa Dar es Salaam. Fundi aliyezoea na mwenye vifaa vyake anaweza kulifungua gari kama lako ndani ya dakika tano. Lakini dakika hizo zinaanza kuhesabiwa akishafika, na kumngoja afike ndiko kunakoua.

Gari lililofungwa vioo juani ni tanuri. Kuna utafiti uliofanywa Marekani na kuchapishwa 2005, walipima joto ndani ya gari lililoegeshwa juani, siku ambazo nje kulikuwa na nyuzi 22 hadi 36 hivi za Selsiasi. Kwa wastani joto la ndani lilipanda nyuzi 22 kwa saa moja, na asilimia 80 ya ongezeko hilo ilikuja katika nusu saa ya kwanza. Kuacha vioo wazi kidogo hakukuleta nafuu ya maana. Sasa chukua alasiri ya jua kali hapo kwenu, tuseme nje ni nyuzi 30. Nusu saa haijapita, ndani ya gari mmeshavuka 45. Na mwili wa mtoto mdogo hupanda joto haraka mara tatu hadi tano kuliko wa mtu mzima. Joto lake la mwili likifika nyuzi 40 hicho ni kiharusi cha joto, na viungo vya ndani vinaanza kuharibika. Mtoto aliyelala halii wala hagongi kioo. Watu wanamchungulia, wanamwona ametulia, wanarudi kwenye waya wao.

Miaka kadhaa nyuma niliitwa kwenye maegesho ya soko moja hapa mjini. Nilikuta watu wengi wamelizunguka gari, na katikati yao mama amebaki peku, kilemba kiko mkononi. Ndani kuna mtoto wa miezi kama minane. Nikaweka viganja pembeni mwa macho nikachungulia. Nywele zimemganda kwenye paji, macho yamefumba nusu, midomo imekauka. Kilichonishtua zaidi ni shingo yake: ilikuwa kavu kabisa, wakati sisi wa nje tunachuruzika jasho. Begi langu la vifaa nilikuwa nimeshalifungua. Nikaliacha pale chini, nikachukua nyundo, nikavunja kioo cha mlango wa mbele. Mtoto alilazwa siku mbili, akapona. Tangu siku ile nikipigiwa simu ya gari lililojifunga nauliza kwanza, "Kuna mtu ndani?" Akisema yupo, namwambia avunje, huku mimi nikiwa bado natafuta bodaboda ya kunifikisha.

Sasa namna ya kuvunja, kwa sababu watu hupoteza muda kupiga pasipovunjika. Kioo kikubwa cha mbele kiache. Kile ni vioo viwili vilivyobanwa na utando wa plastiki katikati, utakipiga kitapasuka kama nyumba ya buibui na tundu hutalipata. Vioo vya milango kwenye gari kama lako ni vya namna nyingine: kiwandani vilipashwa moto vikapozwa ghafla, kwa hiyo vikivunjika humwagika punjepunje kama chumvi ya mawe. Katikati pale kioo kinanesa. Piga karibu na kona ya chini, kwa kitu kigumu chenye ncha: nyundo, ncha ya sururu, jiwe lenye pembe kali. Ngumi na kiwiko vitakuumiza bure. Chagua kioo kilicho mbali na mtoto. Kama amelala nyuma kushoto, vunja cha mbele kulia. Zungushia mkono kanga au shati, geuza uso pembeni, piga kwa kudhamiria. Kama kioo kina tinti, punje hazitamwagika, zitabaki zimeshikana kama mkeka. Uvute mkeka huo uje nje, usiusukume ndani alipo mtoto. Kisha ingiza mkono uvute kidude cha loki.

Jirani aliyesema mvunje kile kioo kidogo cha nyuma alikuwa na nia njema, na ushauri huo nausikia kila wiki, kwamba eti ndicho cha bei ndogo. Kwa magari mengi ni kinyume chake. Vile vioo vidogo vingi vimegandishwa kwa gundi, kukitoa na kukirudisha ni kazi ya mtu anayejua, na kwenye spea zilizotumika hakipatikani upesi kama kioo cha mlango. Halafu kiko jirani kabisa na kichwa cha mtoto aliyekaa nyuma. Cha mlango wa mbele fundi anakibadilisha siku hiyohiyo, na spea za IST zimejaa mtaani.

Kuna njia moja ya kujaribu kabla ya kupiga, kama mtoto yuko macho, hajafungwa mkanda na anaelewa maneno. Mwite dirishani, mwonyeshe kwa kidole kidude cha loki kilicho karibu na kitasa cha ndani, mwambie akivute. Wazazi wengi hawajaribu kwa kuwa wameiwasha loki ya watoto, ile iliyo ubavuni mwa mlango wa nyuma. Loki hiyo inakizuia kitasa cha ndani tu kisifungue mlango, kidude cha loki haikigusi kabisa. Mtoto akikivuta, wewe uliye nje unafungua. Mpe dakika moja, na mchezo usipoeleweka, piga kioo. Wakati huohuo mtu mwingine apige simu. Kwa Tanzania zimamoto ni 114 na polisi ni 112, na ndugu zetu wa Kenya wanapiga 999.

Ukishamtoa, mpeleke kivulini, mvue nguo, mmwagie maji ya kawaida mwilini na mpepee kwa kanga. Kama yuko macho na anameza vizuri, mpe maji kidogokidogo. Ukimwona amelegea, anatapika, anaongea ovyo au hashtuki ukimwita, au mwili unaunguza na bado mkavu, nendeni hospitali huku mkiendelea kumlowesha njiani. Mtoto wako alitoka ameloa jasho na analia kwa nguvu. Hizo zilikuwa dalili njema, mwili wake ulikuwa bado unajipooza. Dakika nyingine kumi sijui zingetuletea habari gani.

Shemeji naye simlaumu. Alikuwa mbali, hakuuona uso wa mtoto, na aliwaza gharama kama baba yeyote mwenye nyumba. Ila ile habari ya kubonyeza rimoti kwenye simu imezunguka sana na imewapotezea watu dakika za thamani. Rimoti haitoi sauti ya kufungua gari. Inatuma mawimbi ya redio, na simu inachobeba ni sauti. Hata mngeibana simu kwenye kitasa mpaka usiku, gari lisingesikia chochote.

Kama ndani hakuna mtu, mambo yanabadilika kabisa, muda unakuwa wako. Kwanza zunguka gari lote, jaribu kila mlango na buti, maana kwenye magari haya ya miaka ishirini mota ya loki ya mlango mmoja ikichoka mlango huo hubaki wazi na mwenyewe hana habari. Kama injini inawaka, hakikisha gari haliko ndani ya gereji au banda lililofungwa, ule moshi unaua kimya kimya. Kisha tafuta mtu wa kukuletea ufunguo wa akiba, au fundi. Mtu akikuambia "niletee henga", mshukuru na umkatalie.

Sababu yenyewe ndiyo iliyokupata. Ndani ya mlango, chini ya kile kioo, si pakavu wala patupu. Kuna fito za loki, waya za umeme, reli inayokibeba kioo, mota yake, na karatasi ya nailoni inayozuia maji ya mvua yasiingie ndani ya gari. Waya wa henga unapochokonoa humo bila macho, unachomoa hiki, unapinda kile, unachana nailoni. Magari mapya zaidi yana hata waya za mifuko ya hewa mlangoni. Fundi wa funguo aliyejifunza hashuki huko. Anatumia kabari ya plastiki na kimfuko cha hewa, anausogeza mlango kwa juu kiasi cha kidole, anapitisha fimbo ndefu iliyovikwa raba na kuvuta kidude cha loki kwa kuangalia kupitia kioo. Au anafungua kwenye tundu la ufunguo lenyewe kwa kifaa chake, na gari halibaki na alama yoyote. Atakuuliza pia kadi ya gari. Usikasirike. Mimi kama kadi imo ndani ya gari, namwita mjumbe au majirani washuhudie, nafungua, na kadi ndiyo kitu cha kwanza kinachotoka. Anayefungua gari bila kuuliza la nani leo atakufungulia wewe, kesho atamfungulia mwingine gari lako.

Sasa tuje kwenye swali ambalo hukuliuliza, nami naliona ndilo kubwa: kwa nini lilijifunga? IST, kama lilivyotoka kiwandani, halitakiwi kufanya hivyo. Toyota za wakati ule zimewekewa kinga: ufunguo ukiwa kwenye stelingi na mlango wa dereva uko wazi, ukijaribu kufunga loki zinafunguka zenyewe. Hata mlango wa mbele wenyewe, ukiubonyeza loki kisha ukaubamiza, loki inaruka juu mpaka uwe umeshikilia kitasa cha nje. Walijua watu watasahau ufunguo. Kwa hiyo kwako kuna kitu kimeongezwa au kimechakaa, na kwa uzoefu wangu ninakishuku kimoja kuliko vyote, alamu.

Magari mengi yakishashuka bandarini hufungiwa alamu na sentro loki (mfumo wa kufunga milango yote kwa pamoja) za madukani. Nyingi zimepangwa kujifunga zenyewe: nyingine injini ikiwaka, nyingine sekunde chache baada ya mlango wa mwisho kufungwa. Fundi anaiunga kwenye waya za loki, na ile kinga ya Toyota inakuwa imepitwa kwa pembeni. Unashuka kufungua geti, unausukuma mlango nyuma yako, alamu inahesabu, "ta!" Huenda imekuwa ikifanya hivyo miaka yote, ila siku zote ulikuwa umekaa ndani na mlio huo ukaona ni wa kawaida.

Ujaribu hivi. Shusha kioo cha dereva mpaka chini kabisa. Kama kinasumbua, shusha cha abiria. Washa gari, toka, funga mlango, simama pembeni dakika mbili. Ikijifunga, ni alamu. Nenda kwa fundi umeme wa magari, mwambie akuzimie kujifunga kwenyewe. Kwenye alamu nyingi inawezekana bila kuiondoa. Isipojifunga, rudia mara kadhaa, na usikilize kama loki zinachezacheza zenyewe hasa ukipita kwenye mashimo. Hapo anayeshukiwa ni mota ya loki ya mlango wa dereva. Ndani yake kuna swichi ndogo inayoamrisha milango mingine, ikichakaa inatoa amri ambayo hakuna aliyeitoa. Inabadilishwa. Mpaka hilo litakapojulikana, ukishuka kufungua geti zima gari, toka na ufunguo mkononi. Hata kwa sekunde thelathini.

Kuhusu mlango wako, usiendelee kubonyeza swichi ya kioo. Kikishuka upande maana yake kimetoka kwenye reli au ile raba inayokiongoza imevutwa na waya, na ukilazimisha utaunguza mota au kioo kitapasuka ndani ya mlango. Fundi afungue pambo la ndani, akirudishe kioo kwenye njia yake, na umwambie aangalie karatasi ya nailoni. Ikiwa imechanika aizibe sasa, la sivyo masika zulia la miguuni litaloa na hutajua maji yanatoka wapi. Angalia pia kama sehemu ya juu ya mlango imepinda. Chukua karatasi, ibane kwenye mlango hapo juu, funga, kisha uivute. Ikiteleza na kutoka bila kukaza, mlango haubani tena raba yake. Mikwaruzo ya rangi iache mwisho, ila iliyofika kwenye bati itie rangi kabla ya kutu.

Limebaki la ufunguo. Magari haya mengi huja kutoka Japani na ufunguo mmoja, ninyi mna bahati ya kuwa na miwili. Lakini ufunguo wa akiba ulioko Dodoma siku gari liko Morogoro si akiba. Chonga mwingine wa tatu, na si lazima uwe na rimoti wala chipu, kile kidude ndani ya ufunguo ambacho gari hukitambua ndipo liwake. Chuma kitupu, kilichochongwa meno yaleyale, kinafungua mlango wa dereva vizuri kabisa. Kama IST yako ina chipu, chuma hicho hakitawasha injini. Kama haina, kitawasha pia, kwa hiyo kitunze kama ufunguo kamili. Gharama yake haifiki bei ya kuku wa kienyeji. Kiweke kwenye pochi, au kwa jirani unayemwamini hatua chache kutoka hilo geti. Usikifiche chini ya bampa. Vibaka wa mjini wanapapasa huko kwanza.

Wenye magari ya kuwasha kwa kitufe wasidhani haya hayawahusu. Gari hilo linatakiwa likatae kujifunga likihisi ufunguo uko ndani, lakini betri ya ufunguo ikiishiwa nguvu, au ukiufukia buti chini ya vitu vya chuma, halihisi. Ndani ya huo ufunguo kuna kaufunguo ka chuma kanakochomoka. Wateja wangu wengi hawajawahi kukachomoa, na wengine wamenunua gari ambalo kalishapotea. Chunguza lako leo. Na tundu lake mlangoni, hasa kwetu huku pwani, hukaa miaka bila kuguswa mpaka linaganda kwa vumbi na hewa ya chumvi. Zungusha ufunguo humo mara moja kwa mwezi, na likiwa gumu tia unga wa grafaiti badala ya grisi.

Wewe mwalimu, shemeji akirudi mwambie aje na ule ufunguo wa Dodoma. Chongea kutoka kwenye huo, maana unaonekana haujatumika sana na meno yake hayajalika. Nakala ikitolewa kwenye ufunguo uliochakaa inarithi uchakavu wake. Umwombe fundi chuma kigumu, ile ya bati laini inapinda siku unayoihitaji. Na usilipe mpaka uujaribu kwenye mlango wa dereva mara tano, kufunga na kufungua, kioo kimoja kikiwa kimeshushwa.